Sauti ya Baba Haikuhifadhiwa

Mdogo wangu,

Hapa paa la jikoni limezibwa, kwa hiyo Mama haamki tena usiku kukinga matone kwa ndoo. Kesho asubuhi Baba anapasuliwa koo. Daktari amesema baada ya hapo hatazungumza tena.

Mwezi mzima Mama amemrekodi kwa ile programu ya bure ambayo wewe na wenzako mnaitafsiri kwa Kiswahili kwa kujitolea. Kila mara kompyuta ilimwambia, "Sauti imehifadhiwa." Leo nimefungua folda, haina kitu. Diski ilijaa zamani, na ujumbe ulipaswa kusema haikuhifadhiwa. Nikautafuta kwenye faili ya tafsiri. Mashine ya tafsiri ilipendekeza sentensi ya zamani inayofanana, "Sauti imehifadhiwa," na mtafsiri akaikubali bila kuisoma. Jina lililo hapo ni lako.

Nimerekebisha sentensi, nimewatumia wenzako, na nimepunguza vitu kwenye diski. Mama bado ameduwaa. "Si iliniambia imehifadhi?" anarudia.

Baba hakuuliza ni kosa la nani. "Acheni kunililia, mdomo si ninao bado? Washeni."

Anazungumza sasa hivi nyuma yangu, sauti inakwaruza. Anakusifu kwa hiyo kazi yako ya kompyuta. Sijamwambia.

Dada yako