Punda wa Mama Limi

Jumatatu, 13 Januari

Maji tena. Punda anakwenda mtoni polepole mno, tumbo linamwelemea. Nimempakia madumu mawili tu, moja kila upande. Mama Limi angekuwepo asingempakia hata moja. Lakini Mama Limi yuko Mwanza kwa binti yetu Limi, analea mjukuu, na mimi kiu inanishika kama mtu yeyote.

Mtoni tunachimba mchangani ndipo tupate. Wanawake walinipisha nichote kwanza. Si heshima ile, ni huruma. Mzee mzima na punda, kila siku, peke yake. Sikuipenda.

Jioni michembe, vile viazi vitamu vikavu, na maziwa. Nyumba kimya. Vijana wetu wako Katavi na ng'ombe, hupiga simu wakikumbuka. Nimebaki na ng'ombe wawili wa kukamua na huyu punda, ambaye hata si wangu. Mama Limi alimnunua kwa pamba yake mwenyewe. Mimi ni mtu wa ng'ombe. Punda sikumtaka.

Jumanne, 14 Januari

Kazaa. Nimemkuta asubuhi nyuma ya zizi, mtoto yuko chini, bado ana utelezi. Dume. Mdogo, masikio tu. Alijaribu kusimama, kila mguu ukashika njia yake, akaanguka. Nikamsimamisha mimi. Akafika kwenye kiwele, akanyonya kidogo.

Nimempigia Mama Limi. Alipiga kigelegele mpaka mjukuu akaamka akalia. Akauliza kondo la nyuma limetoka? Mama anakula? Mtoto ana ule mstari mgongoni? Halafu akasema ana sufuria jikoni, akakata. Mimi hakuniuliza nakula nini.

Jioni nimefunga kama kawaida. Mtoto kwenye kizimba cha ndama, mama nje. Ndivyo tunavyofanya tangu babu zetu, ndama analala peke yake ili asubuhi kiwele kiwe kimejaa. Punda analia huko nje. Atazoea.

Jumatano, 15 Januari

Mtoto amelegea. Nilipotoa miti ya mlango hakuinuka. Masikio ya baridi, mdomo wa baridi. Nimempeleka kwa mama yake mikononi, uzito wake hata wa mbuzi haufiki. Akanyonya mara mbili tatu, akalala.

Nimempigia bwana mifugo. Yuko kwenye kikao Bariadi, labda wiki ijayo. Nikajaribu maziwa ya ng'ombe kwa kikombe. Akaharisha.

Jirani yangu Masalu alipita, akainama, akamtazama. Akasema huyo si wa kuishi, nisijisumbue. Masalu ana wake wawili na wajukuu wamejaa uani mpaka kuku wanakosa pa kupita. Mtu kama huyo ni rahisi kusema kitu kiachwe kife.

Nimemtandikia majani makavu kizimbani. Nadhani ni baridi inayomsumbua.

Alhamisi, 16 Januari

Hasimami kabisa. Hata shingo haiinuki.

Sikutaka kumwambia Mama Limi. Kapiga mwenyewe. Akauliza mtoto analala wapi. Nikasema kizimbani, kama ndama. Akasema taratibu, kwa ile sauti yake ya kunirekebisha mbele ya wageni: "Baba Limi, punda si ng'ombe. Kiwele chake kidogo, hakiweki akiba. Mtoto wake ananyonya kidogo kidogo, mchana kutwa na usiku kucha. Wewe umemfungia njaa."

Nimekaa na hilo neno siku nzima. Nimezaliwa zizini. Ng'ombe akikohoa najua amekula nini. Na nimemfungia njaa mtoto wa siku moja, tena kwa mpango, tena nikamtandikia na majani.

Akaniagiza nimkamue mama, nimnyweshe mtoto kwa chupa, nirudie na nirudie. Halafu akasema, "Asiposimama hadi Jumamosi, Jumapili napanda basi. Siwezi kukaa huku anakufa."

Anakuja. Kama mtoto hasimami, Mama Limi anakuja. Aliondoka baada ya kuvuna pamba, akasema ni wiki mbili, sasa ni miezi.

Nimekwenda kumkamua punda. Asante ya punda ni mateke, wahenga hawakukosea. Kanipiga pajani. Nimepata vijiko viwili vya maziwa, kimoja kimemwagika.

Ijumaa, 17 Januari

Paja limevimba. Mtoto bado anapumua. Mama yake hanitaki. Nikimsogelea anageuza makalio, masikio yamelala nyuma. Amezoea mkono mmoja tu.

Nilifikiri sana. Halafu nikaingia ndani nikachukua kitenge cha Mama Limi, kile cha kuendea mtoni, chenye jasho lake na moshi wake. Sijakifua tangu aondoke. Sitaeleza kwa nini. Nimejifunga kiunoni, nikajitanda na cha pili mabegani. Nikamwendea punda kwa upande, nikiongea Kisukuma polepole kama anavyoongea yeye.

Alininusa. Akaninusa tena. Akasimama akanipa kiwele.

Nimekamua robo kikombe, nikamnywesha mtoto kwa chupa ya soda, kidogo kidogo, kidole changu mdomoni mwake ili akumbuke kunyonya. Baadaye tena. Na tena. Sikwenda shambani, magugu yamekuwa marefu kuliko pamba.

Ndipo Masalu akatokea. "Mwadila," akasema, kisha akaona kitenge. Akashindwa kumaliza salamu. Akauliza kwa adabu zote kama mama mwenye nyumba yupo. Nikamwambia ndiye huyu, karibu uji. Alicheka mpaka akashika mti. Kesho kijiji kizima kitakuwa kinajua. Wajue.

Mchana mtoto aliinua shingo. Nimemkumbatia tumboni, nikamnyanyua mpaka kwenye kiwele, akanyonya mwenyewe mimi nimebeba uzito. Mgongo unaniuma vibaya. Muda wote ule kitenge kilikuwa puani mwangu. Namkumbuka yule mwanamke. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 18 Januari

Amesimama.

Amelala na mama yake jana, mimi nimetoka mara kwa mara kumwinua anyonye. Kulipokucha nikachelewa kidogo, kufika nikamkuta yuko wima chini ya mama, mkia unachezacheza. Hakuna aliyemshika. Nimecheka peke yangu uani. Nikageuka nimwambie mtu. Hakuna mtu.

Ndipo nikakumbuka ni Jumamosi.

Mama Limi alipiga mchana. Akauliza, "Vipi, amesimama?" Nikasema bado anayumba. Si uongo, anayumba. Hata mimi nayumba. Akashusha pumzi akasema basi anaweka nguo kwenye begi, kesho alfajiri yuko stendi, nimsubiri mjini Mwanhuzi jioni.

Nimefagia uwanja. Nimefagia na jikoni. Nimetoa majivu ya mwezi mzima. Nimeazima jogoo kwa Masalu, nitamlipa kuku wawili. Aliuliza mgeni ni nani, nikasema mwenye punda.

Jumapili, 19 Januari

Nimeamka mapema kumnyanyua mtoto na hakuna wa kunyanyua. Ameruka. Ametoka kwa mama yake, akaruka kwa miguu yote minne, akaogopa alichofanya, akarudi mbio chini ya tumbo. Halafu akaruka tena.

Nikamwona akilini Mama Limi anashuka kwenye gari, anaingia uani, anamkuta huyu anarukaruka. Angenitazama tu. Mama Limi hagombi, anatazama. Na hata asingetazama, angekuwa amekuja kwa punda. Angemwona punda mzima, angegeuza begi.

Nimempigia kabla hajatoka. Nikasema, "Anakimbia." Akauliza, "Nini?" Nikasema tangu jana amesimama, leo anakimbia, usipande basi.

Alicheka, akalia kidogo, akacheka. Akasema, "Umeweza, Baba Limi. Sikujua kama ungeweza." Akasema kwa kweli alikuwa anaondoka kwa shida, Limi amerudi kazini na mtoto hana wa kumwachia. Basi atakaa mpaka mjukuu atembee. Naye punda yuko kwenye mikono salama.

Halafu hakukata. Yeye huwa anakata upesi, leo hakukata. Nilimsikia anapumua, na sauti za stendi hazikuwepo, alikuwa bado ndani. Alikuwa anangoja, nikatambua anangoja. Neno lenyewe dogo, hata mtoto analisema. Njoo.

Nikasema msalimie mjukuu.

Akasema haya.

Jogoo nimemrudisha. Masalu hakuuliza kitu, na kwa hilo namshukuru.

Jumanne, 28 Januari

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Mtoni sikwenda, nimekinga maji ya bati. Nimepalilia kipande kabla mvua haijashika kasi, pamba haijafa.

Punda na mwanawe wamejibanza chini ya upenu, wameielekezea mvua mgongo. Mtoto amenenepa. Ananifuata nikipita, ananitia pua mfukoni. Kwa mama yake siku hizi naenda na shati langu tu, ananiruhusu.

Jioni nimesonga ugali wa watu wawili, sijui nilikuwa nawaza nini. Nimekula upande mmoja. Ule mwingine nimeufunika.