Walowezi Kwanza, Askari Baadaye

Machi 4

Kaka yangu,

Natumaini karatasi hii itakukuta unapumua vizuri. Huku tupo. Mama miguu yake ni ile ile, lakini jana alitembea mwenyewe mpaka mlangoni akamgombeza muuza mkaa, kwa hiyo ujue ni mzima.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu umesema wodi yenu ina soketi moja na ni ya mashine. Dereva wa gari la hospitali huleta simu zake kwa fundi wangu, amekubali kubeba barua. Unisamehe mwandiko. Shule unajua niliishia wapi.

Fundi amenipa ile kompyuta ya zamani ya kwenye kona, saa moja kila siku tukishafunga duka. Nimefungua mchezo wetu, ule wa kujenga nchi kwa zamu. Lakini bila wewe kunisomea maneno nabonyeza picha tu. Juzi nimewafanya watu waabudu jua, sijui hata niligusa wapi. Nimefuta, nimeanza upya, na sasa sigusi kitu. Nimekuchorea ramani yote. Hapa mto, hapa mlima, hapa ngano, kule mbali ngano nyingine. Palipo peusi hatujapaona bado. Watu wetu wa kwanza wamesimama kando ya mto wananitazama. Sema niwafanye nini. Mimi mikono, wewe kichwa.

Na nije kukuona lini?

Mdogo wako

Machi 9

Mdogo wangu Kimya,

Salamu zako zimefika, nakurudishia mara mbili, na za mama mara tatu. Hiyo ya kuabudu jua imenichekesha mpaka muuguzi akaja mbio.

Mimi naendelea vizuri. Vumbi la kule kwenye machimbo linatoka kifuani polepole. Usije. Mama atabaki na nani? Wiki chache tu nitakuwa nyumbani.

Sasa sikiliza mpango. Mchezo huu watu hushindwa katika zamu ishirini za kwanza, halafu wanakuja kujua kwenye zamu ya mia. Mji weka hapo hapo waliposimama. Usiwatembeze kutafuta pazuri zaidi, kila zamu wanayotembea hawali, hawazai, hawajifunzi. Ukishaweka mji, tengeneza mpelelezi mmoja akafungue hayo maeneo meusi. Wajifunze ufinyanzi wapate ghala la nafaka. Kisha walowezi, mbio, waende wakajenge kwenye ile ngano ya mbali kabla jirani hajaiona. Askari baadaye. Askari anakula na hazalishi.

Kitanda cha jirani yuko mzee mmoja polisi mstaafu. Nimemwonyesha ramani yako, akasema, "Kijana, unajenga duka bila mlango." Nikamwambia, "Mzee, hapa hatulindi benki." Amenigeuzia mgongo tangu saa nne asubuhi.

Kaka yako

Machi 15

Kaka,

Hujambo na kifua? Mama anasema unywe kitu cha moto, anasema hivyo kila nikishika kalamu.

Zamu ya kumi na saba. Mji una watu wawili, ghala linajengwa, mpelelezi ameona ng'ombe na bahari. Walowezi nimeshaanza kuwatengeneza, zimebaki zamu nane. Nimekuchorea upya.

Ila kuna watu wawili wekundu juu ya mlima. Si nchi ya mtu, ni wale wavamizi. Hawafanyi kitu, wamesimama wanaangalia. Mimi mwenyewe ni mtu wa kusimama nikaangalia, kwa hiyo najua huwa si bure. Niache walowezi nitengeneze askari?

Mdogo wako

Machi 19

Mdogo wangu,

Huku kwema. Leo nimetembea mpaka dirishani na kurudi, mwambie mama.

Usiguse. Ukikatisha walowezi sasa umepoteza mwendo wako wote. Wale wekundu wawili ni woga wako tu, una woga tangu unazaliwa, ulikuwa unakimbia kuku. Maliza walowezi. Mwamini kaka yako.

Mzee polisi anasema askari. Anasema askari hata kwenye chai.

Kaka yako

Machi 27

Kaka,

Salamu. Huku sote wazima.

Walowezi wametoka. Mji wa pili tumeuweka kwenye ngano kama ulivyosema. Mji wa kwanza una watu watatu. Wekundu wameondoka. Mpango wako umekaa sawa kabisa. Ramani hii hapa.

Nije Jumamosi?

Mdogo wako

Aprili 2

Mdogo wangu,

Nilikwambia! Nimemwomba muuguzi ambandikie mzee polisi ramani yako ukutani, juu ya kichwa chake, aamke nayo. Usije, daktari anasema huenda mwisho wa mwezi huu naruhusiwa. Nashuka ngazi sasa.

Mji wa pili nao utengeneze walowezi. Lazima tufike miji minne kabla ya zamu ya sitini. Halafu ndiyo tuweke hao askari, tumfurahishe mzee.

Kaka yako

Aprili 8

Kaka,

Habari za huko. Mama amepika leo mwenyewe.

Miji mitatu. Watu wanne, watatu, mmoja. Hakuna shida yoyote. Ramani hiyo.

Nina swali moja tu. Barua yako ya mwisho mwandiko umesimama wima. Wewe mwandiko wako huwa umelala kama umechoka. Nani anakuandikia?

Mdogo wako

Aprili 15

Mdogo wangu Kimya,

Nilijua utaona. Anaandika mzee polisi, mimi nasema maneno. Amekataa kufuta chochote, ni tabia ya kazi yake ya zamani.

Nianze na yako. Wiki nzima nimelala na ramani zako tatu za mwisho kifuani. Mji ukitoa walowezi unapungua mtu mmoja, ndiyo sheria ya mchezo. Wako haupungui. Umetoa walowezi mara mbili na watu wanaongezeka tu. Huko kwako watu wanazaliwa na ndevu? Na mto wako kwenye ramani ya mwisho unapanda mlima. Mdogo wangu, huo mji upo?

Sasa yangu. Dirishani sijafika. Ngazi sijaziona tangu niliposhushwa kwenye gari. Wiki tatu sijatoka kitandani, ile mashine inayotumia soketi ni yangu. Daktari aliniambia siku ya kwanza kwamba vumbi la mawe halitoki, mapafu yameshakuwa magumu. Nilikuzuia kuja kwa sababu ukija utaniangalia, na wewe ukishakiangalia kitu basi umeshakijua.

Sasa njoo. Mama mwambie kwanza akiwa amekaa. Na tuache kudanganyana, mimi na wewe.

Kaka yako

(Mimi mwandishi naongeza: nilisema askari kwanza.)

Aprili 20

Kaka,

Dereva alisafiri, barua nimeipata leo. Sitaki kuuliza hali, nimeisoma.

Mji haupo. Mchezo ulikwisha zamu ya ishirini na nne. Wale wekundu walikuwa wanne waliposhuka, na walowezi walibakiza zamu moja tu. Mji ukaungua. Skrini ikaandika maneno sikuyaelewa, lakini muziki niliuelewa. Fundi akanicheka, akasema, "We naye, si ungehifadhi mchezo urudi nyuma?" Mimi hicho kitufe sikukijua, siku zote ulikuwa unakibonyeza wewe.

Sikukwambia kwa sababu mpango ulikuwa wako. Niliogopa ukijua umekosea huko utaanza kufikiria mambo mengine. Basi nikawa nakaa kwenye kona, kompyuta imezimwa, nachora miji.

Mama nimemwambia amekaa. Alisimama akaenda kukunja nguo zako. Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Sitakudanganya tena.

Mdogo wako

Mei 3

Kaka,

Barua hii dereva hana pa kuipeleka. Naandika kwa sababu kuongea nilishindwa, na wewe unajua kuandika ndiko nilikozoea na wewe.

Nilifika saa tano. Mzee polisi aliponiona tu akasema, "Huyu ndiye mhandisi wa mto unaopanda mlima," ukacheka, mashine ikalia, muuguzi akatugombeza wote watatu. Kisha mzee akachukua fimbo yake akatoka ili tubaki wenyewe.

Njia nzima kwenye basi nilikuwa nimepanga maneno. Nilipokaa nikakwambia habari za basi. Ukaniuliza mama, nikakwambia mama. Ukaniuliza fundi, nikakwambia fundi. Halafu ukanishika mkono, mkono wako mwepesi kama mfuko wa karatasi, ukasema, "Kimya, wewe hukosei. Niangalie vizuri. Nitapona?"

Nikakuangalia. Kucha zako, shingo yako, jinsi ulivyokuwa unainua mabega kutafuta pumzi.

Nikasema, "Utapona, kaka."

Ukasema, "Haya," ukaugeukia ukuta. Nikafikiri umelala. Nikafikiri kesho nitalirekebisha lile neno. Nikaenda kukutafutia uji, foleni ilikuwa ndefu, na niliporudi mzee polisi alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi.

Kaka, nilikuangalia na niliona. Nilijua hutapona tangu nilipoingia mlangoni. Kama ulitaka tuzungumze hilo, ningekaa.

Mdogo wako