Mkate wa Shamba la Mitende

Girsu, kando ya mfereji,
Mwezi wa kula shayiri.

Mpendwa kaka yangu Shubur,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko Mari? Kifua kimepona? Sisi hatujambo. Mama anatembea vizuri, ila mchana hupitiwa na usingizi kivulini, na akiamka anasema alikuwa shambani na marehemu baba, wakifungulia maji.

Mwaka huu maji yalikuja taratibu. Asubuhi moja shamba lote liligeuka mbingu, mitende imesimama katikati ya mawingu. Nilikaa nikitazama hadi nikasahau kilichonipeleka.

Sasa habari yenyewe. Msimamizi wa mashamba ya hekalu analitaka shamba hilo. Baba mdogo Akalla amekubali, maana ameahidiwa unyapara. Sisi tutalima palepale, lakini mavuno yatakuwa ya hekalu, na mama atapanga foleni na kibakuli apimiwe shayiri. Roho inaniuma, kaka.

Juzi watu wa hekalu walileta mkate, samaki na bia, ndugu wote tule, maana anayekula amekubali, ndipo kigingi kipigwe ukutani na kumiminiwa mafuta, shamba liwe limekwenda. Baba mdogo alikula hadi akajilamba vidole. Mama alikaa na mkate wake mapajani.

"Shemeji, kula basi," baba mdogo akamhimiza.

"Kula wewe, una njaa ya siku nyingi. Mimi nitakula mwanangu aliyeko Mari akishakula."

Watu walicheka, hata mtumishi aliyeshika nyundo akainamisha uso. Mimi pia sikula. Kigingi kimeachwa kimeegemea mlango wetu, na kila nikipita nageuza macho.

Ndiyo maana mwenye mashua amekuletea kapu. Fungu lako la mkate na samaki limo, naye ameagizwa na watu wa hekalu akuone ukila, akirudi atoe ushahidi. Ukimega kipande tu, mama hana tena la kusema.

Mwandishi ananiambia udongo wa kibao cha barua unakauka, kwa hiyo naishia hapa. Msalimie mkeo Ninkuda na mtoto. Mama anakuombea kwa mungu wetu Bau, akupe pumzi na njia nyeupe.

Tende zilizo juu ya kapu ni zetu, za mtende ule ulioupanda pamoja na baba. Kula hizo mpaka ushibe, mbele ya mwenye mashua. Mkate na samaki virudishe vizima, kwa mkono wako mwenyewe.

Dada yako akupendaye na kukungoja,
Ninbanda