Hita ya gari la misheni na kipembe changu

Alhamisi, mwezi wa saba, 1956.

Ukungu haukuinuka leo mpaka karibu saa tano, na baridi imenikaa mifupani tangu asubuhi. Lakini si baridi inayonifanya niandike. Nina hasira. Naandika humu kwa sababu nikiyasema haya kwa mtu nitatenda dhambi ya ulimi, na Jumapili ni meza ya Bwana.

Jumatatu tulikwenda Nyanungu kumchukua Bhoke, aliyejifungua miezi haijatimia. Mimi ni mkunga wa zahanati hii ya misheni kwa miaka kumi na sita sasa. Nimepokea watoto wadogo wengi, ila huyu ni mdogo kuliko wote walionipumulia mkononi. Kichwa chake kinaenea kiganjani. Mtoto wa namna hiyo hana nyama ya kumpa joto, anaishi kwa joto la kuazima.

Na joto la kuazima lilikuwemo garini. Gari letu limezeeka, lilikuwa limezeeka hata kabla hatujapewa, lakini lina hita: kisanduku cha bati chini ya dashibodi, upande anaokaa abiria. Maji ya moto ya injini hupita humo, na feni ndogo husukuma joto lije kwa watu. Mwita, dereva wetu, akawasha swichi. Hakuna upepo. Akazima, akawasha tena, akainua mabega.

"Mama Gati, hili ni pambo la Wazungu," akasema. "Miguu yao haina nyama."

Bhoke alikuwa amelala nyuma, hana nguvu hata ya kumshika mwanawe. Basi nikamweka mtoto kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, nikajifunga blanketi juu, nikaomba njia nzima. Tulipofika, miguu yake ilikuwa imebadilika rangi na hakulia. Tulimzungushia chupa za maji ya moto mpaka jua linakwenda kuzama ndipo akatoa kasauti.

Pambo.

Hapa zahanati hatuna vifaa vya kumlisha mtoto asiyeweza kunyonya. Lazima apelekwe hospitali kubwa, ng'ambo ya mto Mara, na kuondoka ni kesho alfajiri, maana kivuko hakimsubiri mtu. Alfajiri ya huku kwetu juu, mwezi huu, hata ng'ombe hawataki kutoka zizini. Nikamwambia Mchungaji kwamba bila hita sitambeba mtoto huyo. Akanisikia, nashukuru, akaagiza fundi kutoka mjini Tarime.

Fundi Onyango si mtu mbaya. Alifika saa nne, akaniamkia shikamoo vizuri, akafungua boneti. Akaacha injini inanguruma, akashika mipira inayopeleka maji kwenye hita: ya moto. Akatazama fyuzi: nzima. Akafuata waya kwa kidole mpaka kwenye swichi, akaukwangua, akaufunga upya. Upepo hakuna. Ndipo akajifuta mikono na kutoa hukumu: mota ya feni imeungua, mpaka iagizwe Nairobi, labda wiki sita.

Wiki sita. Nilimtazama Mwita, naye alitikisa kichwa kama mzee wa baraza. Mchungaji akasema basi, tutaongeza mablanketi. Mablanketi hayatoi joto, yanatunza joto lililopo. Mtoto asiye na joto ukimfunika mablanketi kumi, umefunika baridi. Nilisema hivyo, wakanisikiliza kwa adabu, kama watu wanaosubiri mama amalize aende jikoni.

Sasa nikueleze kitu ambacho hawakukijua. Siti ile ya mbele ni yangu. Hita ile imepuliza magotini pangu miaka. Naijua ilivyokuwa inalia ikiwa nzima: sauti mbili, moja ya kuvuma kama nyuki walio mbali, nyingine ya mabawa, kama kuku anayejikung'uta vumbi.

Nikaenda kuchukua kipembe changu cha mti, kile cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni mwa mama. Niliporudi Onyango akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, unataka kuizalisha?"

"Zima injini," nikamwambia Mwita.

"Betri itakufa, Mama Gati."

"Kwa dakika moja? Wewe mura, kijana wangu, zima."

Akazima. Kimya. Nikapiga magoti kwenye nyasi zenye umande, nikaweka mdomo wa kipembe kwenye kile kisanduku na sikio langu upande wa pili, nikamwambia awashe swichi ya hita peke yake. Nikasikia nyuki. Wazima kabisa, hawakohoi hata kidogo. Ila mabawa hayakuwepo: mota inazunguka, feni haizunguki.

Nikamwita Onyango aje asikilize mwenyewe. Alikataa, kisha akakubali, na nilimwona uso unavyobadilika. Asubuhi nzima alikuwa akiipima ile mota huku injini inanguruma masikioni mwake, asiweze kuisikia.

Akachukua bisibisi. Akafungua kisanduku, akaingiza kidole, na feni ikazunguka bure kwenye chuma chake kama bangili kwenye mkono wa mtu aliyekonda. Hakuna kilichoungua. Skrubu moja ya kuibana feni, ndogo kama punje ya ulezi, ililegea kwa mitikisiko ya barabara zetu. Akaikaza kwa bisibisi. Mwita akawasha swichi, na tukapuliziwa vumbi, makapi, kisha joto.

Saa kumi na moja, kwenye maombi, Mchungaji akamshukuru Mungu kwa mikono ya fundi Onyango, na kwa Mwita aliyemsaidia.

Nilisema amina. Meno yalikuwa yameumana, lakini nilisema. Mwita aliyemsaidia nini? Kutikisa kichwa?

Haya, nimeyatoa. Nilidhani yakishatoka nitapumua, lakini limebaki moja chini yake, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Miezi miwili iliyopita tulikuwa kwenye joto la njia ya Kisaka. Swichi ile huwa Mwita anasahau kuizima, na nilikuwa ninaungua miguu. Mahali fulani kwenye makorongo, mabawa yakanyamaza, nyuki wakaendelea. Nilisikia. Nilijua kuna kitu kimelegea. Nikafurahi, nikanyoosha miguu, nikasinzia. Wala sikumwambia mtu, siku ile wala baadaye, kwa sababu mimi nilikuwa nimepata raha yangu.

Kwa hiyo Jumatatu, miguu ya mtoto wa Bhoke ilipobadilika rangi, si Mwita peke yake aliyeiita hita pambo. Mimi nilitangulia kwa kunyamaza.

Jioni hii nimekwenda kukaa na Bhoke nikamweleza nilivyonyamaza. Alinisikiliza huku anamtazama mwanawe, halafu akauliza kitu kimoja tu, kama kesho joto litakuwepo. Nikasema lipo. Akasema, "Basi umbebe wewe, mama."

Nilipotoka nikamkuta Mwita anafuta kioo cha gari, ingawa ukungu utakirudia kabla ya alfajiri. Hakunitazama.

"Mama Gati, kesho usisahau kile kipembe."

Nikamwambia kimeshatangulia kapuni.

Bwana, unijalie nifike na masikio haya ng'ambo ya mto. Na sauti ikibadilika njiani, ya gari au ya mtoto, hata kama mimi mwenyewe niko vizuri, nisinyamaze.