Siku Tatu za Kupumzisha Mguu

Kericho mjini
Jumanne, 6 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Chamgei. Natumaini uko salama na mgongo umepunguza kukusumbua. Mimi niko mzima isipokuwa mguu mmoja. Nimejaribu simu yako mara nne haipatikani, nikajua umeizima ukaiweka kwa kabati tena. Kwa hivyo nimempa mtu wa vifurushi barua hii aiache dukani kwa mama Phelis.

Tumetembea siku tano kutoka Kapsabet, watu watano. Hapa Kericho tulikuwa tulale usiku mmoja tu, kisha Litein, Sotik, Bomet, mpaka Narok. Lakini lengelenge la kisigino lilipasuka kule kwa mashamba ya chai, mvua ikaingia kwa kiatu, na sasa kisigino kimevimba siwezi kukikanyagia. Daktari wa dispensari amesema nipumzike siku tatu na nisivae kiatu. Wenzangu wameenda. Nelvine alitaka kubaki nami, nikamwambia aende, maana mwaka mzima ameongea juu ya safari hii.

Nimepata chumba kwa mama mmoja anaitwa Elmina, ana vyumba sita nyuma ya soko. Ni mtu mzuri. Alipochukua kitambulisho changu kuandika kwa kitabu cha wageni alisoma jina mara mbili, akauliza, "Kemoi wa Ndanai?" Nikasema ndiyo. Tangu hapo hanikubalii kwenda hoteli, ananiletea chakula mwenyewe.

Usijali. Nikifika Sotik nitaingia nyumbani nikusalimie.

Bintiyo,
Chepkurui


Ndanai
Jumatano, 7 Agosti

Binti yangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Pole kwa mguu. Sisi huku tuko, ng'ombe mwekundu amezaa, na mahindi ya juu tumeanza kuvuna. Simu nimeizima kwa sababu nikiongea jirani wote wanasikiza. Barua naisoma peke yangu.

Sasa nijibu haraka. Huyo Elmina ni Mkisii, mrefu, mwenye mwanya? Anakaa na nani hapo?

Usijibu hata. Toka. Kericho lodging ni nyingi. Hata ukienda ukichechemea, toka, na usile tena chakula cha huyo mwanamke.

Mama yako


Kericho
Ijumaa, 9 Agosti

Mama,

Natumaini barua hii itakupata ukiwa mzima, kwa sababu mimi mwenyewe sijui niko vipi.

Barua yako ilinipata nikiwa tayari nimekutana naye. Alhamisi asubuhi mzee mmoja aliingia na beseni ya maji moto na chumvi. Alikuwa anapapasa ukuta. Macho yake yameharibika kwa ugonjwa wa sukari, anaona watu kama moshi. Aliweka beseni chini, akamwaga nusu, akasema, "Weka mguu, Chepkurui." Nilimwambia asante mzee. Akasema, "Mimi si mzee wa hapa tu. Mimi ni Kipkemoi, baba yako."

Nilikuwa na miaka saba alipoondoka. Miaka kumi na tisa umetuambia hajulikani aliko, labda alienda Tanzania. Kumbe alikuwa hapa, mwendo wa asubuhi moja kwa gari kutoka kwetu. Alikuwa anaendesha lori la majani ya chai mpaka macho yakakataa. Na wewe ulijua, mama. Uliniuliza juu ya mwanya.

Nilimtukana. Nilipomaliza akaniomba kitu kimoja. Alisema, "Muulize Rebeccah kama anaweza kunikubali nifike nyumbani siku moja, nimwambie kitu. Hata nisiingie ndani. Nikae tu kwa gate."

Namjibu nini?

Siku tatu zimeisha leo lakini kisigino bado kinatoa usaha, daktari ameongeza nne.

Bintiyo,
Chepkurui


Ndanai
Jumatatu, 12 Agosti

Chepkurui,

Habari ya mguu. Ya huku ni nzuri.

Nilitaka kufa na haya maneno, lakini wewe umeenda kulala kwa hiyo nyumba, basi yachukue.

Unakumbuka ndugu yako Kiplimo. Alizaliwa baba yako akiwa ameenda. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu kifua kikamshika, akawa anapumua mbavu zikiingia ndani. Wewe nilikuacha kwa kogo, nyanya yako. Watu walikuwa wameniambia mahali baba yako anakaa, nikambeba mtoto mpaka Kericho ili anisaidie tumpeleke hospitali kubwa. Nilifika mvua ikinyesha. Elmina alifungua mlango kidogo tu. Nikamwambia mimi ni nani na mtoto ni wa nani. Akaniambia, "Huyo mtu alikufa. Nenda kwenu mama, alikufa."

Na mimi nilikuwa namsikia akikohoa ndani. Kikohozi cha mtu umelala naye miaka tisa hukisahau.

Nilirudi. Kiplimo alimaliza siku mbili. Tulimzika na ndugu zangu.

Sasa anataka kukaa kwa gate. Mwambie hivi: Rebeccah amekufa. Mwambie ni presha, tunazika Jumamosi. Usiongeze kitu. Kama ni mtu atakuja.

Ukikataa, basi umechagua nyumba yako, na hii ya huku usiikanyage.

Mama yako


Kericho
Jumatano, 14 Agosti

Mama,

Salamu. Nimefanya.

Nilikuwa nimekataa. Barua nilikuwa nimeikunja niichome kwa jiko. Lakini nilienda kwanza jikoni kwa Elmina nikamuuliza kama ni kweli, mwanamke na mtoto mgonjwa kwa mlango, na mvua. Alikuwa anachagua maharagwe. Mikono ikasimama. Akasema, "Ni kweli. Alikuwa nyuma ya mlango. Alinifinya mkono niseme hivyo, na mimi nilisema kwa sababu nilitaka abaki." Kisha akaniuliza, "Yule mtoto alipona?"

Nilitoka hapo nikaenda uani, alikuwa ameketi kwa jua. Nikasema, "Baba, nimepigiwa simu. Mama ameenda." Ni mara ya kwanza nimemwita baba tangu nimfikie.

Hakulia. Aliuliza lini, nikasema jana. Akauliza kama uliteseka, nikasema hapana. Akaniambia, "Pole, binti yangu. Umebaki na mimi tu, na mimi si kitu." Akanishika kichwa hivi, akinibembeleza. Mama, alinibembeleza kwa ajili yako.

Mara tatu nimetaka kumwambia ukweli na mara tatu nimeona ule mlango. Elmina amemnyooshea shati nyeupe na amemnunulia blanketi ya kukufunika. Atakuja Jumamosi peke yake. Mimi nimesema mguu umezidi siwezi kusafiri. Ni uongo, mguu umepona.

Akifika mwambie wewe mwenyewe mara moja, umalize.

Bintiyo,
Chepkurui


Ndanai
Jumapili, 18 Agosti

Binti yangu,

Nakusalimu. Leo sikuenda kanisa.

Ijumaa nilishika jembe nikaenda kwa kaburi la Kiplimo kando ya ua wa nyumba. Nililima juu yake, nikatoa nyasi zote, nikaongeza urefu wa udongo mpaka likawa la mtu mkubwa. Mama Phelis alinikuta akaniuliza nafanya nini. Nilipomwambia aliketi chini. Lakini alikubali kunisaidia, kwa sababu alikuwa nami siku tuliyomzika mtoto.

Jumamosi saa tano alikuja na bodaboda. Amezeeka kuliko mimi. Alikuwa amekumbatia blanketi ikiwa bado kwa nailoni. Alisimama kwa gate akisikiliza, labda alishangaa hakuna watu na hakuna nyimbo. Mimi nilinyamaza kabisa, sauti yangu angeijua. Mama Phelis ndiye aliongea. Alimwambia, "Pole mzee, tulizika mapema, watu wa kanisa walikuwa na safari. Umechelewa." Akamshika mkono akampeleka.

Alipiga magoti, akaingiza mikono kwa udongo. Akatandaza blanketi juu ya udongo, akailainisha na mikono kama anatandika kitanda. Kisha akaanza kuongea, na mimi nimesimama mbali naye hatua nne.

Alisema kila kitu. Alisema ni yeye aliyesema aambiwe amekufa. Alisema alimsikia mtoto akipumua kwa mlango, na usiku huo hakulala, na asubuhi alienda kazi. Alisema mara moja aliendesha lori mpaka Sotik akitaka kuja, akaona aibu akarudi. Alisema, "Rebeccah, hukunikosea hata siku moja." Haya maneno nimeyangoja miaka kumi na tisa, nikayasikia yakiambiwa udongo. Hatua nne, na sikufungua mdomo. Nilikuwa nataka auchukue huo uzito arudi nao.

Alipoinuka aliuliza, "Nani mwingine yuko hapa?" Mama Phelis akasema ni jirani. Akanyoosha mkono anisalimie. Nikampa. Alikaa nao muda. Akasema, "Asante mama kwa kumzika vizuri." Akaenda.

Nilidhani nitakula vizuri leo. Chakula kiko hapa.

Kuja nyumbani.

Mama yako


Kericho
Alhamisi, 22 Agosti

Mama,

Natumaini umekula.

Nilisoma barua yako, nikaamua nitamwambia ukweli, hata anifukuze. Jumanne nilienda uani nikaketi karibu naye. Nikaanza, "Baba, mama hajakufa." Akasema, "Najua."

Kijana wa bodaboda alimwambia hapo stage. Baba alimuuliza njia ya kwa marehemu Rebeccah, kijana akacheka, akamwambia Rebeccah amemkemea asubuhi hiyo kwa kupitisha pikipiki kwa mahindi yake. Nilimuuliza kwa nini basi hakurudi. Alisema, "Nilikuwa nimekuja kumwambia kitu. Angenijibu ningeshindwa kumaliza. Nilijua ako karibu, nilisikia akivuta pumzi."

Nikamuuliza kama alijua lile kaburi ni la nani. Akasema mkono wake ulipata udongo laini juu na chini yake mawe madogo, yaliyopangwa karibu karibu, urefu wa mtoto. Alisema, "Mimi niliua yule mtoto. Lakini Rebeccah hakupaswa kumfukua." Akaingia ndani. Tangu siku hiyo hajasema neno lingine juu ya Ndanai, na Elmina anamlisha kwa kijiko.

Wenzangu walifika Narok juzi. Nelvine amenitumia picha, wote wamechomwa na jua na wanacheka. Mimi nimekaa hapa siku kumi na saba kwa kisigino kilichopona katika tisa.

Sirudi nyumbani sasa, mama. Sikasiriki kwa ajili yake, alichofanya amekifanya. Lakini ni mimi nilimwambia umekufa, na yeye akanishika kichwa akanipa pole. Nikija kwako nitalazimika kulala chumba kinachoangalia ule udongo, na wewe utaniuliza kama alilia. Kesho asubuhi nachukua mfuko wangu nitembee mpaka Longisa, kisha nitaona. Usitume barua hapa, sitakuwepo.

Simu yako iwashe. Siku moja nitapiga.

Bintiyo,
Chepkurui