Chai ya Papa Alphonse Ilipola

Mama Wivine mupendwa, weye unajibiaka barua mu gazeti, naomba musaada, miye njo Doudou coiffeur, mukata nywele, ule banaitaka "Président wa bichwa" juu hakuna kichwa mu quartier haijainama mbele yangu, lakini leo kicheko inanikauka mu mudomo. Salon yangu iko mu parcelle, kiwanja ya Papa Alphonse, muzee alitumikaka ku chemin de fer, ku treni, na kila mwaka contrat ikiisha alikuwa anatosha biti mbili inje, kiti yake na kiti yangu, bibi yake Mama Germaine analeta chai, tunaikala, tunaongea, kisha tunarenouveler, contrat inaanza mupya. Huu mwaka akaniita, nikamujibu: "Papa, miye na weye tuko sawa bibi na bwana, nani anarenouveler ndoa kila mwaka?" Akacheka, akarudisha biti mu nyumba. Akaniita tena, nikasema mikono iko na mafuta. Mara ya mwisho aliikala pale peke yake mupaka chai ikapola, na miye nilikuwa namuona ku mulango, nacheka na baclients, basi ile juma akashikwa na ugonjwa, akakufa. Kisha kilio ya muzee kuisha, mutoto wake Gauthier ananiambia: "Coiffeur, contrat iliisha. Mwisho wa mwezi unatoka." Rafiki yangu Kabwe anasema: "Sema muzee alirenouveler na mudomo, nani atakukatalia? Maiti?" Mama, niseme vile? Baclients yangu yote banajua njia ya pale, nikihama nitakata nywele ya nani, ya mbuzi?

Doudou, Katuba

Doudou mutoto wangu, pole na kilio. Sasa funga mudomo, usikilize. Kurenouveler ni bantu mbili banarudi kuikala chini, moja anauliza "tuko bado pamoja?", mwingine anajibu "ndiyo". Muzee aliuliza, akarudilia kuuliza. Weye ulimupa michezo. Na ule Kabwe, umuache na mayele yake ya kudanganya! Ile chai ni Mama Germaine njo alipika. Bila shaka njo yeye alikamata kopo yako yenye kujaa, akaenda kuimwanga. Unataka kumudanganya mujane juu ya bwana yake, mu parcelle yake?

Enda kesho muchana, bila Kabwe, bila kuchekesha. Lilia muzee kwanza. Kisha sema kweli: "Mama, Papa aliniita, miye nilikatala kuikala." Usiombe kurenouveler, ule wa kurenouveler naye alikwisha kufa. Omba contrat mupya, Gauthier akiwa pale anasikia. Bakikatala, kamata mashine yako, shukuru, uende. Coiffeur muzuri bantu banamufuata.

Na Mama Germaine akikutoshea kiti, mwanangu, ikala. Na ile chai, uikunywe ikiwa moto.