Nyama ya Mkunga Ilipong'aa

Maisaka, Hamamatsu
9 Septemba 2018

Mpendwa Kaka Yasuji,

Hujambo huko Brazili? Goti lako linaendeleaje? Na wifi Harumi, presha yake imeshuka? Mimi natembea, nakula, nalala kidogo. Tangu mume wangu Eikichi afariki mwezi wa nne, hula nimesimama jikoni. Meza imekuwa kubwa mno.

Duka letu la mikunga wa kuchoma nimelifunga. Majirani walitaraji ningeuza mpaka Obon, sikukuu ya kuwakumbuka wafu, ipite, sikuweza. Walibaki mikunga sita tu kwenye tangi.

Wiki mbili zilizopita alikuja Daktari Mizuho, yule mtafiti, mteja wetu wa siku nyingi. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa hakuna chakula tena."

"Leo sikuja kula, Shangazi. Nipasulie mmoja, halafu funga madirisha."

Nikapasua. Akaimulika nyama kwa taa ya buluu. Kaka, yote iling'aa kijani!

Akanieleza kwamba kinachong'aa ni protini, na za namna hiyo ziko nyingi baharini. Konyeza wana ya kijani, matumbawe yana hadi nyekundu, na wataalamu huzipandikiza kwenye seli ili waone yanayotendeka ndani. Lakini ya mkunga haiwaki mpaka ishikane na ile rangi ya manjano inayotokana na damu iliyochakaa, ile inayojaa mwilini ini likiharibika. Kwa hiyo protini hiyo inaweza kutumika kuipima rangi hiyo hata katika tone dogo la damu.

Sikuwa nimemwambia mtu: macho ya Eikichi yalianza kuwa manjano tangu majira ya baridi. Nilipomuuliza alinicheka, "Wee mama, moshi wa mkaa huo! Geuza samaki wasiungue." Nami nikageuza samaki.

Nilipomsimulia Mizuho, hakunibembeleza. Aliuliza tu, "Na wewe umepima lini?"

Sikuwahi. Kesho yake akanipeleka hospitali, akakaa nami kwenye benchi asubuhi nzima. Majibu yametoka juzi: nina virusi vilevile vya homa ya ini vilivyomuua Eikichi, ila ini langu halijaharibika, na vidonge vya kunitibu vipo. Miezi mitatu tu, wamesema, nitapona.

Nikarudi nyumbani mbio na habari hiyo. Nikavua viatu mlangoni, nikaita, "Nimerudi!"

Hakuna aliyeitika. Ndipo leo nimechukua kalamu nikuandikie wewe.

Nisalimie wifi Harumi na mwanao Setsuo. Mbaki salama, mzeeke pamoja.

Dada yako mdogo akupendaye,
Kinue